Maswali ya wasomaji: Kutikisa, kusaga na kupiga povu kunaua vimeng'enya vya kwenye utando wa seli?

Mwezi huu nimeweka pamoja barua ambazo ukizisoma harakaharaka unaona hazihusiani kabisa, huyu yuko maabara, huyu anabeba maziwa, huyu anasaga parachichi jikoni, lakini wote wanauliza kitu kilekile: kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini) ambacho makazi yake ni kwenye utando wa seli, kikivutwavutwa na nguvu ya maji yanayozunguka kwa kasi, kinabaki kizima au ndo basi tena. Penye mengi ya kusema nimejibu kwa urefu, pengine nimekata.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nasoma masters, natengeneza maikrosomu, vile vifuko vidogo vya utando, za ini la panya ili nipime saitokromu P450, kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa na sumu. Nikitumia ile homojenaiza ya kioo ya mkono, yani mchi na kinu, napata namba nzuri tu. Juzi kati foleni ilikuwa ndefu nikaamua kutumia mashine ya sonikesheni, ile inayovunja seli kwa mawimbi ya sauti, kama dakika mbili mfululizo, namba zikashuka vibaya mno. Supavaiza anasema msuguano umekunjua protini, ikapoteza umbo lake. Mwenzangu wa maabara anasema ni joto. Nimshike nani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Mwenzako yuko karibu zaidi na ukweli ila hata yeye hajafika mwisho.

Tuanze na hiyo nguvu yenyewe. Ukisukuma rundo la chapati kwa juu, ya juu inaenda mbele, ya chini inabaki palepale, na zile za katikati kila moja inateleza juu ya mwenzie. Maji kwenye mrija mwembamba au pembeni ya kisu cha blenda yanafanya hivohivo, tabaka moja linakimbia, la pili yake linachelewa, na kitu chochote kilichokaa katikati ya hayo matabaka kinavutwa huku na huku. Sasa kinachoamua nani ataumia ni ukubwa. Seli ya ini ina upana wa mikromita 20 hivi, kwa iyo upande wake mmoja unaweza kuwa kwenye maji yanayoenda mbio na upande mwingine kwenye maji ya polepole, inanyooka mpaka inapasuka. Protini moja ina nanomita 5 au zaidi kidogo, yani ni ndogo kuliko seli mara maelfu, na tofauti ya mwendo wa maji kati ya kichwa chake na mkia wake ni kama hakuna.

Na hili limepimwa. Mwaka 2006 Jaspe na Hagen wa Marekani walipitisha protini ndogo ya farasi iitwayo saitokromu c kwenye mrija mwembamba sana wakafikisha kasi ya msuguano (tofauti ya mwendo kati ya tabaka na tabaka) kama 200,000 kwa sekunde huku wanaiangalia protini kwa mwanga, haikukunjuka. Wakapiga hesabu wakaona kwenye maji ya kawaida protini ndogo ya aina hiyo ingehitaji kama milioni 10 kwa sekunde ndo ikunjuke kwa msuguano peke yake. Pipeti yako na vorteksi yako, ile mashine ya kutikisia tyubu, haviko hata karibu na huko. Kwa hiyo ule usemi unaorudiwa kwenye kila maabara kwamba "usitikise, utakunjua protini" una ukweli ndani yake ila sababu inayotajwa siyo yenyewe. Mara nyingi mkosaji ni povu. Pale hewa inapokutana na maji protini inajibandika, sehemu zake zisizopenda maji ambazo zilikuwa zimefichwa ndani zinageukia hewani, ikishafunguka hivo inashikana na jirani zake na hairudi tena. Ukitikisa tyubu iliyojaa mpaka juu bila hewa hata kidogo, protini nyingi zinavumilia vizuri tu. Ukitikisa yenye nusu hewa, kila sekunde unatengeneza uso mpya wa kuziharibia.

Hapo naongelea protini zinazoelea kwenye maji. Yako haielei. P450 imechomeka mguu wake kwenye utando na mwili uliobaki umelala juu ya utando, na utando ndo unaoumia kwanza. Utando ni tabaka mbili za mafuta zilizoshikana kwa sababu tu zinayakimbia maji, hakuna gundi nyingine. Unapinda upendavyo, ila ukiuvuta uongezeke eneo kwa asilimia 3 mpaka 5 tu unachanika. Na ukishachanika haubaki wazi, kingo zinatafutana zinafunga, unapata vifuko vidogovidogo. Hizo maikrosomu unazozitafuta zenyewe ni vipande vya retikulamu, ule mtandao wa tando ndani ya seli, vilivyojifunga baada ya kuchanwa, kwa hiyo msuguano ndo umekutengenezea sampuli yako. Usiuone kama adui wa moja kwa moja.

Sasa sonikesheni. Ile ncha haisuguani tu na maji, inatengeneza viputo vinavyopasuka kwa ndani, na pale kiputo kinapoporomoka joto lake kwa nukta ya muda linafika maelfu ya nyuzi, maji yanavunjika yanatoa radikali za haidroksili, vipande vikali vya molekuli za maji vinavyoshambulia protini. Ongeza kwamba tyubu nzima inapata moto ukienda mfululizo bila kupumzika, ongeza povu kama ncha ilikuwa juu karibu na uso wa maji, ongeza na lisosomu (vifuko vya seli vya kumeng'enyea) zilizopasuka zikamwaga vimeng'enya vyao vya kumeng'enya protini humohumo. Dakika mbili mfululizo ni nyingi ndugu yangu, tena nyingi sana.

Lakini kabla hamjabishana na supavaiza, nenda kapime, maana P450 ni mojawapo ya protini chache zinazokwambia zenyewe kama zimeharibika. Watafiti Omura na Sato walionyesha mwaka 1964: ukiipa elektroni kwa kemikali ya ditionaiti ukaipulizia kaboni monoksaidi, iliyo nzima inatoa kilele cha kufyonza mwanga kwenye nanomita 450, iliyoharibika inatoa kwenye 420. Chukua sampuli ya mkono na ya sonikesheni uziweke pamoja. Kilele kikihamia 420 ujue protini imekufa kweli, joto na radikali zimefanya kazi yake. Kilele cha 450 kikiwa kizima na kazi imeshuka, basi tafuta ile ridaktezi inayoipa P450 elektroni, labda wametenganishwa kwenye vipande tofauti vya utando na hawakutani tena. Na kama vilele vyote viwili ni vifupi, usiseme kimeng'enya kimekufa, kiangalie kwenye maji ya juu uliyoyamwaga! Sonikesheni inakatakata utando mpaka vipande vingine ni vidogo kiasi kwamba kuzungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 100,000 g kwa saa moja hakuwezi kuvishusha chini. Wanafunzi wengi wanamwaga kimeng'enya kizima kabisa kwenye sinki halafu wanaandika kwenye thisisi kwamba kimeharibika. Weka maji ya juu, yapime, jumlisha. Jumla isipofika kile ulichoanza nacho ndo useme kuna kilichokufa.

Nataka pia nikwambie visa viwili vya zamani maana vinafundisha kuliko mahesabu yangu.

Cha kwanza, mtafiti wa seli Christian de Duve, pale Louvain Ubelgiji, mwishoni mwa 1949. Alikuwa anafuatilia kimeng'enya kingine kabisa, glukosi-6-fosfatezi, ila pembeni akawa anapima asidi fosfatezi kama cha kulinganishia. Ini likisagwa kwenye blenda, asidi fosfatezi ilikuwa tele. Likisagwa taratibu kwa homojenaiza ya kioo kwenye maji ya sukrosi, ilionekana kama sehemu ya kumi tu. Wakaziacha sampuli kwenye friji, wakazipima tena siku tano baadaye, kimeng'enya chote kikawa kimerudi. Hakikuwa kimepotea, kilikuwa ndani ya kifuko chenye utando, kemikali ya kupimia haipiti, na blenda ilikuwa inakipasua. Kutoka hapo mwaka 1955 tukapata jina lisosomu, na mwaka 1974 Nobeli, pamoja na Albert Claude na George Palade. Ona basi, nguvu ya kusaga iliongeza namba! Kwa hiyo namba ikipanda baada ya kutikisa usifurahi haraka, na ikishuka usilie haraka, uliza kwanza mlango uko wazi au umefungwa, na kimeng'enya kimeangalia upande gani wa kifuko.

Cha pili ni cha Efraim Racker na wenzake, New York, 1960. Walitikisa mitokondria, vyumba vya nishati vya seli, na shanga ndogo za kioo mpaka ikang'oka ile sehemu ya kichwa ya kimeng'enya kinachotengeneza ATP, sarafu ya nishati ya seli, wakaiita F1. Ikiwa peke yake kwenye maji F1 inavunja ATP vizuri, ila ukiiweka kwenye barafu inakufa, kwenye joto la chumba inadumu. Kinyume kabisa na kila tunachofundishwa maabara, kwamba baridi ndo usalama. Na hii F1 iliyong'olewa haizuiwi tena na oligomaisini, dawa ambayo kwa kawaida hukizuia kimeng'enya hicho. Irudishe kwenye utando wake, baridi haiiui tena na oligomaisini inaizuia kama mwanzo. Protini ni ileile, haijabadilika hata asidi amino moja, kilichobadilika ni kuwa na utando au kutokuwa nao. Kwangu mimi hilo ndo jibu la swali lako lote: uimara wa kimeng'enya cha utando hauko kwenye kimeng'enya peke yake, uko kwenye yeye na utando wake, na nguvu ya kutikisa kazi yake kubwa ni kuwatenganisha.

Kwa kazi yako sasa: rudi kwenye homojenaiza ya kioo, kila kitu kwenye barafu, idadi ya kupandisha na kushusha mchi iwe ileile kwa kila ini, usivute mchi mpaka ukainyonya hewa. Weka gliseroli asilimia 20 kwenye bafa ya kuhifadhia, P450 inaipenda. Weka na PMSF, kemikali inayozuia vimeng'enya vya kula protini, lakini uiongeze palepale unapoanza kazi maana kwenye maji inakufa haraka. Siku ukilazimika kutumia sonikesheni piga sekunde chache pumzika zaidi ya ulivyopiga, tyubu ndani ya barafu, ncha izame vizuri, ukiona povu tu simama.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Kuna dada mmoja wa lishe anatuambia kwenye semina tusisage matunda kwa blenda, eti blenda inaua vimeng'enya vyote vya tunda. Ni kweli? Na mbona juisi ya parachichi na ndizi ikikaa kidogo inakuwa ya kahawia? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Dada yangu, wewe mwenyewe umeshaleta ushahidi, hiyo rangi ya kahawia. Inaletwa na kimeng'enya kinachoitwa polifenoli oksidezi. Kwenye tunda zima kimeng'enya hicho kimekaa ndani ya plastidi (vyumba vidogo vya seli ya mmea), kwenye tando zake, na kile anachokula, yani zile fenoli, ziko kwenye vakuoli, mfuko wa maji ndani ya seli, wametengwa na kuta kabisa. Kisu cha blenda kinachana tando zote mbili, wanakutana, na hewa imechanganywa humo ndani, rangi inaanza. Kingekuwa kimekufa juisi isingebadilika rangi. Blenda imekiachia huru. Kinachokizima ni moto, na kinachokichelewesha ni limao, maana kinafanya kazi vibaya kwenye uchachu mkali na vitamini C inarudisha rangi nyuma kabla haijakomaa. Saga, kamulia limao, kunywa mapema, basi.

SWALI: Habari yako mwalimu. Mimi hukusanya maziwa kwa wakulima huku kwetu na kuyapeleka kwa bodaboda hadi kwa kula, yaani tangi la kupoza maziwa, barabara ni mawe matupu. Maziwa yanafika hayajaganda, ile test ya alkoholi yanapita, lakini siku zingine yanakuwa na ladha kama ya sabuni na harufu kali. Mteja mmoja alinishtaki kwamba sioshi mitungi vizuri, na mimi huosha na kusuuza kabisa. Shida ni nini? (Msomaji, Nyandarua)

JIBU: Pole sana kwa lawama, na nakuamini, maana hiyo ladha inaweza kutokea hata kwenye mtungi msafi kuliko yote. Hii barua imenigusa kwa sababu wakulima na wabebaji wanalaumiwa bure kwa kitu ambacho hakuna aliyewahi kukaa chini akawaeleza.

Mafuta ya maziwa hayaelei ovyo. Yako kwenye matone madogo, wastani mikromita 3 au 4, na kila tone ng'ombe amelivisha utando. Likitoka kwenye seli ya kiwele linasukuma ukuta wa seli na kuondoka nao, kwa hiyo nje ya kila tone kuna kipande halisi cha utando wa seli, chenye fosfolipidi na vimeng'enya vyake, kuna zanthini oksidezi nyingi sana na kuna fosfatezi ya alkali iliyoning'inizwa kwa mkia wa mafuta. Nje ya hilo tone, kwenye maji ya maziwa, kuna kimeng'enya kingine kinaitwa lipezi, sehemu kubwa ikiwa imeshikana na kezini, protini kuu ya maziwa, na kazi yake ni kukata mafuta. Na lipezi iliyoko kwenye maziwa mabichi ni nyingi, ingeweza kuyaharibu maziwa kwa muda mfupi sana. Kinachoizuia zaidi ni ule utando. Haifiki kwenye mafuta.

Sasa mtungi wa lita 20 una lita 13 ndani, uko nyuma ya pikipiki, barabara ya mawe. Maziwa yanapiga ukuta, yanarudi, yanachanganyika na hewa, yanatoa povu. Kila kiputo kinapogusa tone la mafuta kinaliibia kipande cha utando, na mafuta yanatandazwa kwenye uso wa kiputo, matone mengine yanagongana yanachanika. Lipezi inapata mlango. Inakata asidi fupi za mafuta, ya kwanza kunukia ni asidi butiriki, hiyo yenye kaboni nne, ndo ile harufu kali, halafu zile ndefu kidogo zinaleta ladha ya sabuni. Na kwa sababu si bakteria waliofanya hivyo, maziwa hayagandi na test ya alkoholi yanaweza kupita vizuri tu. Ndiyo maana unafika na maziwa yaliyopita vipimo na mteja anakunja uso.

Ufanye nini. Jaza mtungi mpaka shingoni, ukiwa na maziwa machache tumia mtungi mdogo, hewa ikikosa nafasi povu linakosa pa kuzaliwa, hilo peke yake litakusaidia kuliko yote. Usimwage maziwa kutoka juu ukiyapima, mimina yafuate ukuta wa chombo. Usichanganye ya jana usiku yaliyopoa na ya asubuhi yaliyo vuguvugu, kupoa na kupata joto na kupoa tena kunalegeza utando na kunaiamsha lipezi hata bila kutikiswa. Uliza pia wakulima wako, ng'ombe aliye mwishoni mwa kunyonyesha na ng'ombe aliyekosa malisho mazuri wakati wa kiangazi maziwa yake yana tabia ya kuchacha hivi yenyewe, kwa hiyo onja kabla hujachanganya. Na kuchemsha? Kuchemsha kunaiua lipezi isiendelee, lakini asidi zilizokwisha kutoka hazirudi, maziwa yaliyokwisha kunuka yatanuka tu.

Hawa wa viwandani wanalijua hili vizuri mno. Ile mashine ya kusawazisha mafuta inasukuma maziwa kwenye upenyo mwembamba kwa presha ya kama baa 150 mpaka 200, matone yanakatwa yanakuwa chini ya mikromita moja, utando wa asili hautoshi tena kuyafunika, na kezini ndo inaziba pengo. Ukifanya hivyo kwa maziwa mabichi yanachacha ndani ya dakika chache. Kwa hiyo hakuna kiwanda kinachosawazisha bila kupasha moto hapohapo, kabla au mara tu baada.

Hapa niongeze jambo maana kuna msomaji mwingine kutoka Njombe aliuliza kwa kifupi kama kutikiswa kwa maziwa kunaweza kudanganya kile kipimo cha fosfatezi wanachotumia kuhakikisha maziwa yamepashwa vya kutosha. Hapana. Fosfatezi ya alkali ikichanwa na utando wake inahamia kwenye maji ya maziwa ikiwa bado imeshikilia kipande cha utando, na inaendelea kufanya kazi. Inakufa kwa moto, nyuzi 63 kwa dakika 30 au 72 kwa sekunde 15, na imechaguliwa kwa kipimo hicho kwa sababu inavumilia moto kidogo zaidi kuliko vijidudu vya kifua kikuu, ikifa yeye wamekwisha kufa wao. Mtikiso hauwezi kuiua wala hauwezi kuchukua nafasi ya moto.

Na wale wafugaji wanaotikisa kibuyu kupata siagi wanafanya uharibifu huuhuu kwa makusudi na kwa ustadi, wanatikisa mpaka tando zinachanika na mafuta yanashikana bonge. Utando wenyewe hauendi na siagi, sehemu kubwa inabaki kwenye yale maziwa membamba yanayobaki. Ndo maana wanakemia kwa miaka mingi walipotaka zanthini oksidezi walianzia kwenye krimu na hayo masalia ya siagi. Kimeng'enya kimetikiswa mpaka utando ukatoka kwenye tone lake, kimechujwa, kimesafishwa, na bado kinafanya kazi.

SWALI: Mwalimu, mi nakimbia asubuhi karibu kila siku. Nimesoma kwamba damu ikienda kasi inasugua kuta za mishipa. Je haiharibu vimeng'enya vilivyoko kwenye kuta hizo? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Endelea kukimbia kaka. Kwenye ateri zako msuguano wa damu ni kama paskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 1 mpaka 7, na seli za ukuta zimeumbwa ziusikie. Kuna kimeng'enya kinaitwa eNOS kimejibandika kwenye utando wa seli hizo kwa mikia ya mafuta, ndani ya vishimo vidogo vya utando, na damu ikisugua kwa nguvu kinaamka, kinatengeneza naitriki oksaidi, mshipa unatanuka na msuguano wa kwenye ukuta unashuka. Ugunduzi kwamba naitriki oksaidi ni ujumbe wa mishipa uliwapa Furchgott, Ignarro na Murad Nobeli ya 1998. Mafuta mabaya yanapenda kujikusanya pale ambapo msuguano ni mdogo na damu inazungukazunguka, kwenye kona na kwenye njia panda za mishipa, chini ya paskali 0.4 hivi. Palepale damu inapopita moja kwa moja kwa nguvu ukuta unabaki msafi zaidi.

SWALI: Salaam mwalimu. Mi ni fundi sanifu wa maabara, tunapima kolinesterezi, kimeng'enya cha damu kinachozimwa na baadhi ya dawa za wadudu, kwa wapiga dawa wa mashamba ya maua. Sampuli zinakuja kwa gari, barabara ya vumbi, nyingine zikifika plazma, yale maji ya damu, imekuwa nyekundu. Je kimeng'enya cha kwenye chembe nyekundu kimekufa kwa mtikiso? Tuzitupe zote? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Salaam sana, na kazi yenu ni muhimu mno, kuna watu afya zao zinategemea hiyo namba. Hapana, usizitupe zote, ila usizisome zote kwa namna moja.

Asetilikolinesterezi ya chembe nyekundu iko nje ya chembe, imening'inizwa kwenye utando kwa mkia wa mafuta kama ile fosfatezi ya maziwa. Chembe nyekundu inastahimili sana, inahitaji msuguano wa kama paskali 150 ndo ipasuke ndani ya dakika chache, lakini sindano nyembamba iliyovutwa kwa nguvu inaweza kufika huko, na kusukuma damu kwa sindano kuingia kwenye tyubu ni vibaya zaidi. Kwa hiyo kabla hujailaumu barabara muulize anayetoa damu. Chembe ikipasuka hemoglobini, protini yake nyekundu, inamwagika, ndo wekundu unaouona, lakini utando uliobaki bado umeshika kimeng'enya chake na bado kinafanya kazi.

Kama kipimo chenu kinatumia damu nzima na mnagawanya kwa hemoglobini, sampuli iliyopasuka bado inasomeka, maana kimeng'enya na hemoglobini vyote viko kwenye tyubu ileile. Kama mnaosha chembe kwa salaini (maji ya chumvi) kwanza, hapo kuna tatizo, kila mkimwaga maji ya kuoshea mnamwaga vipande vya utando na kimeng'enya, na namba itashuka kama vile mtu amekula sumu wakati hajala. Na kama mnapima kolinesterezi ya plazma, vipande vya utando wa chembe nyekundu vilivyobaki humo vinaweza kuipandisha namba, hasa mkitumia asetilithiokolini kama kemikali ya kupimia, na aliyeathirika akaonekana mzima, hiyo ndo hatari kubwa kuliko zote. Halafu angalieni mwanga wa mashine. Njia ya Ellman ya 1961, ya kupima kolinesterezi kwa rangi, inasomwa nanomita 412, na hemoglobini inafyonza mwanga sana palepale, kwa hiyo kwa damu maabara nyingi wanasogea mpaka 436.

Barafu msiisahau, na sababu yake siyo mtikiso, ni kwamba dawa iliyobaki kwenye damu inaendelea kukizuia kimeng'enya ndani ya tyubu njiani, mnafika na namba ya barabarani siyo ya shambani. Tyubu ijae mpaka kwenye alama yake, igeuzwe taratibu mara nane mpaka kumi ichanganyike na dawa ya kuzuia kuganda, isimame wima kwenye kreti lenye sponji. Ile ya plazma ikifika nyekundu usiipime, omba nyingine, na uandike kwenye fomu kwamba ilipasuka ili atakayeisoma wiki ijayo asiilinganishe na ya zamani.